Dala, Dola na Daladala

Katika vitabu vinavyoandikwa kwa ajili ya wageni wanaozuru Dar es Salaam, na katika magazeti yetu wenyewe pia, hurudiwa maelezo yaleyale kuhusu jina la magari yetu ya abiria. Husemwa kwamba zamani nauli ilikuwa shilingi tano, na kwa kuwa siku hizo shilingi tano zilikuwa sawa na dola moja ya Kimarekani, makonda walipiga kelele "dala, dala!" na gari likaitwa daladala. Maelezo haya ni matamu na mafupi, nayo huingia akilini upesi. Nimeyasikia yakitolewa na walimu mbele ya wanafunzi wao, na sijapata kumwona hata mmoja aliyechukua chaki akafanya hesabu ubaoni.

Hebu tuifanye sisi. Shilingi ya Tanzania ilizaliwa mwaka 1966, ilipochukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki. Wakati huo dola moja ya Kimarekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Waingereza walipoishusha paundi yao mwaka 1967, sisi hatukuwafuata, tulibaki palepale. Mwaka 1983 ndipo magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa rasmi kubeba abiria jijini, na mwaka huo dola ilikwisha kufika shilingi 12 hivi. Mwaka uliofuata ilifika 17, na 1986 ikafika 40. Kwa hiyo, tangu shilingi yetu izaliwe, hakuna siku ambayo shilingi tano zilinunua dola moja. Konda wa 1983 ambaye angekwenda benki na shilingi tano zake angestahili kupewa chini ya nusu ya dola. Na huenda hata hiyo asingeipata, angeitiwa polisi, maana mwaka wenyewe ndio ule wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, na kukutwa na fedha za kigeni mfukoni ilikuwa kesi.

Basi dala hii ya shilingi tano ilitoka wapi? Swali hili litatutoa Temeke na kutupeleka mbali kidogo, lakini namwomba msomaji avumilie, maana gari hili hurudi.

Neno la Kiingereza dollar si la Kiingereza kwa asili, wala si la Kimarekani. Mwaka 1516 ulianzishwa mji mdogo wa wachimba fedha katika milima ya Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Mji huo uliitwa Joachimsthal, yaani Bonde la Yoakimu, kwa sababu thal kwa Kijerumani ni bonde. Siku hizi Wacheki huuita Jáchymov. Fedha iliyotoka katika migodi yake ilifuliwa sarafu kubwa, nzito, zikaitwa kwa jina la mji. Na kwa kuwa jina lilikuwa refu mno kwa watu wa sokoni, wakalikata kichwa, wakabaki na mkia: thaler. Waholanzi wakasema daalder, Waingereza wakasema dollar. Shakespeare alilitia neno hili katika tamthilia yake ya Macbeth zaidi ya miaka 150 kabla ya Marekani kuwa nchi. Wamarekani waliamua mwaka 1785 kuifanya dola kuwa fedha yao, wakaitungia sheria mwaka 1792, wakati neno lilikwisha zeeka.

Nimeona watu wanaoshangaa kusikia kwamba sisi tulisema dala. Hakuna la ajabu. Wasamoa, kule Bahari ya Pasifiki, huiita fedha yao tala, nao walilichukua neno hilohilo wakalivika sauti za lugha yao. Waslovenia walikuwa na tolar tangu 1991 mpaka walipoingia katika yuro mwaka 2007. Kila taifa lilipopewa neno hili lilikata na kushona upya. Na hapo mwalimu wa lugha hana budi kutoa tahadhari moja: kule Uskoti uko mji uitwao Dollar, na jina lake halihusiani kabisa na fedha wala na bonde la Yoakimu. Sauti kufanana si udugu. Tahadhari hii tutaihitaji mbele.

Sasa njoo pwani yetu. Sarafu hii tuliijua zamani sana kabla hatujalijua jina lake la Kiingereza. Kwanza ilikuja ile ya Hispania, iliyokuwa na thamani ya reali nane, na upande mmoja ilichorwa nguzo mbili. Waarabu walipoziona zile nguzo walidhani ni mizinga, wakaiita sarafu hiyo baba wa mzinga. Kisha ikaja ile ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa, ambayo mpaka leo hufuliwa ikiwa na mwaka uleule mmoja, 1780, mwaka aliofariki. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walikuwa wameizoea sura ile ya mama mnene mwenye ushungi, wakakataa nyingine yoyote, na wafua sarafu wakaona heri kutobadili hata nukta. Huko Unguja zote mbili ziliitwa reale.

Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wao, Richard Waters, mtu wa Salem, akawasili Unguja. Merikebu za Salem zilichukua pembe za ndovu na sandarusi, zikaleta ile nguo nyeupe tuliyoipa jina la wenyewe, merikani, na zikaleta sarafu za fedha pia. Katika daftari la mfanyabiashara wa Salem sarafu iliandikwa dollar. Mtu wa forodhani mbele yake akaihesabu reale. Ilikuwa sarafu ileile moja, mezani pamoja, na majina mawili. Kwa hiyo anayesema kwamba Waswahili waliijua dola kwa mara ya kwanza kutokana na watalii anapaswa kurudi darasani.

Reale imekufa midomoni mwetu, lakini kivuli chake hakijafa. Watu wa umri wangu wanaikumbuka thumuni, senti hamsini, ile sarafu ya 1966 iliyokuwa na picha ya sungura. Thumuni ni Kiarabu, maana yake ni sehemu moja ya nane. Sasa nikuulize, msomaji: senti hamsini ni sehemu ya nane ya nini? Si ya shilingi, kwani ya shilingi ni nusu. Ni ya shilingi nne. Na shilingi nne ni nini? Reale ilikuwa na thamani ya rupia mbili na kidogo, na Waingereza walipoifunga rupia ya Afrika Mashariki mwaka 1920 waliifunga kwa shilingi mbili. Rupia mbili, shilingi nne. Gawa kwa nane, unapata senti hamsini. Hesabu inakubali. Bibi aliyekutuma dukani na thumuni alikuwa, bila kujua, anahesabu kwa sarafu ya Maria Theresa.

Na hela je? Wajerumani walipobadili hesabu ya rupia yao mwaka 1904 waliigawa sehemu mia, kila sehemu wakaiita heller. Hiyo heller ilichukua jina lake katika mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, palipofuliwa sarafu hiyo katika karne za kati. Wajerumani waliondoka, lakini hela ikabaki kuwa jina la fedha zote bara. Kwa hiyo mtu wa Tandika anayesema "sina hela, nikopeshe dala" anataja katika sentensi moja miji miwili midogo ya wasema Kijerumani, na hakuna hata mmoja atakaomkopesha.

Tumebakiwa na shilingi tano. Hapa ndipo wasimulizi wetu wanapokosea njia, kwa sababu wanatafuta dola ya Marekani katika miaka ya daladala, na haimo. Watafute nyuma zaidi. Kabla ya Septemba 1949, paundi moja ya Kiingereza ilibadilishwa kwa dola 4 na senti 3, na paundi ilikuwa na shilingi 20. Gawanya: dola moja ilikuwa shilingi 4 na senti 96, yaani tano kasoro senti nne. Baada ya Septemba 1949 paundi iliporomoka mpaka dola 2 na senti 80, na hapo ndipo tukapata ile 7 na senti 14 tuliyoirithi. Aidha Waingereza wenyewe, katika lugha yao ya mitaani, waliita shilingi tano dollar, na sarafu ya shilingi mbili na nusu wakaiita nusu dola, na waliendelea kusema hivyo hata viwango vilipobadilika. Nadhani, na hili ni dhana yangu, kwamba neno lilitua kwetu kwa njia hiyo: kutoka kwa masajini na makarani wa Kiingereza, bandarini na kambini, hasa katika vita vya pili ambapo vijana wa Tanganyika walivaa sare za King's African Rifles mpaka Burma. Walilipokea neno likiwa na maana ya shilingi tano tayari. Hawakulipokea likiwa bei ya fedha ya Marekani.

Tofauti hii si ndogo, ingawa yaweza kuonekana kama ubishi wa mzee asiye na kazi. Maelezo ya vitabuni yanamfanya konda kuwa mtu aliyeitazama dola, akaitafsiri, akaipigia kelele, kana kwamba nyuma ya kila bei yetu lazima iwepo fedha ya Mmarekani inayoipa maana. Ukweli ni kinyume chake. Miaka ya sabini dala ilikuwa noti yetu ya shilingi tano, na baadaye ile sarafu yenye pande kumi na sura ya Mwalimu. Aliyesema dala hakuiwaza Washington. Alikuwa na shilingi tano na alizitaja kwa jina la nyumbani.

Na tukitaka kuitaja Marekani katika habari hii, tuitaje panapostahili. Kampuni ya mabasi ya DMT, ambayo serikali iliichukua mwaka 1970, iligawanywa mwaka 1974: UDA ikapewa mabasi ya jiji, KAMATA ikapewa ya mikoani. Wakazi wa Kinondoni na Temeke wa siku zile wanakumbuka UDA ilivyoanza vizuri na ilivyochoka. Mji ulikua, mafuta yakapanda bei, mabasi yakaharibika, hata yale marefu ya Ikarus yaliyotoka Hungaria, na vipuri havikupatikana kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuviagizia. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na basi lilipofika liliingiwa kwa madirisha. Ndipo zikatokea pikapu zenye mabenchi mawili, abiria wakitazamana magoti kwa magoti, zikaitwa chai maharage. Zilikuwa za magendo, zikikimbia askari kwa njia za panya, na nauli yake ilizidi ya UDA. Ilikuwa dala. Kwa hiyo ni kweli kwamba dola ina sehemu katika kuzaliwa kwa daladala, lakini ni kwa kukosekana kwake.

Sasa turudi kwenye ile tahadhari ya mji wa Uskoti. Kiswahili kilikuwa na neno dola karne nyingi kabla ya magazeti kuandika bei ya fedha. Ni neno la Kiarabu, dawla, kutoka mzizi wenye maana ya kuzunguka, kupokezana, kufika zamu. Likaja kuwa jina la utawala, kwa sababu utawala nao ni zamu. Tunasema Dola ya Kirumi, vyombo vya dola, chama kimeshika dola. Halafu wahariri wetu wakaichukua dollar ya Kiingereza wakaiandika dola, wakaiketisha kwenye kiti kilichokuwa na mtu.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilipenda kuwapa wanachuo sentensi fupi, "Dola imedhoofika", niwaombe waifafanue. Nusu ya darasa waliandika habari za soko la fedha, na nusu waliandika habari za serikali isiyoweza kukusanya kodi. Wote walikuwa sahihi. Mwaka mmoja mwanachuo aliandika katika mtihani wa uraia kwamba Jumuiya ya Madola ni umoja wa nchi zinazotumia dola. Mwalimu wake alimkata alama zote akaniletea karatasi tucheke pamoja. Nilimwambia asicheke haraka: Australia, Kanada, New Zealand, Jamaika, Singapore, na baadaye Namibia, zote zimo na zote zina dola yake kila mmoja. Kijana alikosa historia, lakini ushahidi alikuwa nao.

Wapo waliosema kwamba ingekuwa heri kuandika "dala ya Kimarekani", na dola ikaachiwa maana yake ya zamani. Mimi pia ningelipenda hivyo, kwa sababu masikio ya watu yalikwisha chagua sauti hiyo. Ila lazima nikiri upande wa pili una hoja: dala ilikuwa tayari shilingi tano, na mtu anayesoma kwamba Marekani imetukopesha dala milioni mia angeweza kudhani tumedanganywa. Nadhani hata hivyo wahariri hawakuikataa kwa hoja hiyo. Waliikataa kwa sababu ilikuwa ya wapiga debe. Lugha yetu ya ofisini ina tabia ya kupita mbele ya neno la mtaani bila kulisalimu, kisha ikaenda kuazima lilelile kwa mlango wa mbele.

Matokeo yake si ya kisarufi tu. Tangu maduka ya kubadilisha fedha yaruhusiwe mwaka 1992, dola iliyokuwa kesi ikawa heshima. Wenye nyumba waliandika kodi kwa dola. Miaka kadhaa iliyopita mwanangu aliletewa barua na shule moja binafsi, jina naliacha, kumhusu mjukuu wangu. Barua ilikuwa ya Kiswahili, na ada ilikuwa ya dola. Mwanangu hulipwa kwa shilingi, walimu wa shule ile walilipwa kwa shilingi, na chakula cha watoto kilinunuliwa soko la Temeke. Aliyekuwa dola ni karatasi peke yake. Kila muhula ada "haikupanda", kama walivyotueleza kwa adabu, ila sisi tulilipa zaidi. Nilikwenda kuuliza. Binti wa ofisini alinipa kiti na maji, akanijibu, "Babu, si sisi, ni dola." Nilimuuliza ni ipi kati ya mbili. Hakunielewa, nami sikumlaumu. Alikuwa amefundishwa, pengine na mmoja wa walimu niliowafundisha mimi, kwamba tangu zamani hata nauli ya Temeke ilipimwa kwa fedha ya Marekani.

Machi 2025 serikali ilitoa kanuni za kukataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Yaani dola imeipiga marufuku dola. Sentensi hiyo ni Kiswahili sanifu na sikuiongezea chumvi.

Limebaki jambo moja ambalo maelezo ya vitabuni hayaligusi kabisa, nalo kwangu ndilo kubwa. Kwa nini mara mbili? Kwa nini gari halikuitwa dala? Wasimulizi husema konda alirudiarudia kwa kupiga kelele. Lakini muuza maji naye hupiga kelele, na maji hatuyaiti majimaji kwa sababu hiyo. Jibu limo katika sarufi, tena ile ya darasa la tatu. Mwalimu akisema "wagawie madaftari mawili mawili", maana yake ni kwamba kila mtoto apate mawili. Ukiambiwa "waingie mmoja mmoja", hutaingiza kundi. Kiswahili kinaporudia idadi au bei, kinaigawa kwa kila kichwa. Basi "dala dala" ilikuwa tangazo kamili la nauli: kila abiria shilingi tano, mkubwa na mdogo, ushukie Keko au ufike Temeke mwisho. Wakikuyu wa Kenya nao waliliita gari lao kwa nauli, zile senti kumi tatu zilizozaa matatu. Wao walitaja kiasi. Sisi tulitaja kiasi pamoja na kanuni yake, kwa neno lililotoka Bohemia na sarufi iliyokuwa hapahapa.

Sarafu ya shilingi tano haionekani tena, nauli sasa ni mamia, barabara ya Morogoro ina mwendokasi tangu 2016 na ile ya Kilwa imejengewa njia zake. Sijui konda wa mwisho aliyeitaja dala akimaanisha dala alistaafu lini. Lakini juzi nilipita soko la Tandika, penye mitumba, ambapo kijana alikuwa amesimama juu ya kichanja chake, mashati ameyamwaga miguuni, anaimba kwa sauti iliyokauka: "Buku buku! Buku buku!" Kila shati shilingi elfu moja. Nilichagua mawili, moja lilikuwa na kifungo kilichokatika. Nilijaribu kumpa elfu na mia tano. Akacheka, akaninyooshea kidole kimoja, kisha kingine. "Mzee wangu, nimesema buku buku."